Leso zangu, udi wa Lamu, na anwani za barua pepe ambazo sizitoi tena

Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021 nilikuwa nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, na doti 80 za leso mpya, zile wengine waziitazo kanga, zimepangwa juu ya mkeka nyuma yangu. Maulidi yalikuwa yamebaki wiki mbili. Picha nilikuwa nishapiga, maneno nishayaandika, nikasema nisali Magharibi kwanza ndipo nirushe, maana saa ile wateja wa hapa wametulia na wale wa Uingereza wanakaribia kutoka kazini. Nilipotoka kwenye msala nikashika simu. Instagram haifunguki. WhatsApp haipeleki kitu. Nikadhani bando limekwisha, nikanunua jingine, kumbe Facebook, Instagram na WhatsApp zilikuwa zimezimika dunia nzima, na hazikurudi mpaka usiku wa manane umepita.

Saa zile sita zilinikalisha chini. Nilikuwa na wafuasi zaidi ya elfu tisa niliowahangaikia miaka minne, na usiku ule sikuwa na njia ya kumfikia hata mmoja. Wateja wa Mombasa hawakunitia wasiwasi, hao wanaijua nyumba, watabisha hodi asubuhi. Niliowawaza ni wale wa Muscat, wa Leicester, wa Toronto, wanaoninunulia doti nne tano kwa mara moja kwa sababu huko waliko leso haipatikani, na ikipatikana jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, limetungwa na mtu asiyejua Kiswahili. Wale nilikuwa nawajua kwa picha zao ndogo za duara tu.

Kesho yake nikaanza orodha ya barua pepe. Niliandikia kila aliyewahi kutumiwa mzigo nje ya nchi, mmoja mmoja, nikamuuliza kama angependa nimwandikie leso mpya zikiingia. Waliokubali walikuwa 140. Mpaka katikati ya mwaka uliofuata walifika 212, hapo wakakwama.

Kuna msemo unaosikika sana hapa kwetu, kwamba watu wetu hawasomi barua pepe. Kwa jirani yangu ni kweli kabisa, yeye atanipigia. Lakini mteja wangu wa Leicester anaanza siku yake ya kazi kwa barua pepe, na bili zake zote na tiketi zake zinaingia humo humo. Tena orodha ya matangazo ya WhatsApp mwisho wake ni watu 256, na hata hao, asiyehifadhi namba yako ujumbe haumfikii. Barua pepe haina kikomo cha aina hiyo. Na juu ya yote, zile anwani ni zangu kuzibeba. Nikigombana na kampuni ninayotumia kutuma barua zangu, nazipakua kwenye faili moja na kuhamia kwingine. Wafuasi huwezi kuhama nao.

Sasa niwaeleze kosa nililofanya, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini leo nina msimamo mkali.

Mwaka 2022 muuzaji mmoja wa madera aliniambia tubadilishane orodha. "Nipe zako mia mbili, mimi nikupe elfu moja na mia nne." Nilijiona nimeokota dhahabu. Akanitumia faili ya Excel, nikamtumia yangu, na Ijumaa baada ya Alasiri nikarusha barua kwa watu wote wale. Mpaka Jumamosi mchana anwani kama 190 zilikuwa zimerudi kwa kuwa hazipo, watu wamenibandika alama ya taka (spam), na kampuni niliyokuwa naitumia ikafunga akaunti yangu wanichunguze. Barua moja bado naikumbuka neno kwa neno: "Mimi sikujui. Nani amekupa anwani yangu?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa kwamba nimepewa na mtu ambaye naye pengine alipewa.

Hilo la akaunti lilikwisha baada ya siku tatu. Lililoniumiza zaidi lilikuja mwezi uliofuata. Yule mteja wangu wa Leicester, aliyewahi kuninunulia leso za kumpelekea mamake kila Idi, aliniandikia kwa upole kabisa: tangu lini dada yangu unauza dawa za kupunguza unene? Anwani aliyotumiwa tangazo lile ni ile aliyonipa mimi, aliyoitumia kwangu peke yangu. Niliitoa amana ya watu mikononi mwangu, na nikishaitoa sikuwa na uwezo wa kuirudisha. Niliwaandikia wote 212 nikaeleza nilichofanya na kuwaomba radhi. Walijiondoa 37. Sikuwalaumu.

Baadaye ndipo nilipoisoma sheria. Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kifungu cha 37 kinasema wazi kwamba huwezi kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila idhini yake, isipokuwa pale sheria inaporuhusu naye amejulishwa. Ulaya sheria yao inafanya kazi tangu Mei 2018, na inamhusu pia muuzaji aliye Mombasa anayewauzia watu walioko Uholanzi. Tanzania nao walitunga ya kwao mwaka 2022. Lakini kusema kweli, mimi sheria haikunifunza kama alivyonifunza yule mteja.

Basi nikakaa na orodha yangu ndogo, naiandikia vizuri, haikui. Mpaka Desemba ya mwaka ule ule.

Kuna mama mmoja Lamu anapika udi. Udi wake nimefukiza nyumbani kwangu miaka na miaka kabla sijafikiria biashara naye. Nilikwenda kwake Desemba, basi mpaka Mokowe kisha mashua, nikachukue mzigo wa nyumbani na kupumzika siku mbili. Nikamkuta jikoni, sufuria ya sukari iko motoni inageuka asali, bintiye anamshikia sinia. Vipande vya udi vilikuwa vimeloweshwa marashi ya waridi tangu jana yake. Aliviingiza kwenye sukari vyote kwa pamoja, kisha sandali ya kusaga, kisha miski na ambari alizozipima kwa kiganja, akawa anakoroga kwa upande mmoja tu bila kubadilisha mkono. Ikifika inapogandamana na mwiko anaimwaga juu ya sinia na kuitandaza kwa kisu kilichopakwa mafuta. Nilikaa pale saa mbili nzima. Buibui langu lilinukia wiki.

Tulipokuwa tunakunywa kahawa nikamuuliza bintiye wanawajulishaje wateja wa mbali kwamba mpiko mpya umetoka. Akainuka, akaleta daftari. Daftari la kawaida la shule, jalada limeingia madoa ya marashi, kurasa zimekuwa ngumu pembeni. Ndani mna majina na anwani za barua pepe, kila moja kwa mwandiko wake na wino wake: wageni waliopita, watu wa Lamu wanaoishi Jeddah na Dubai, bibi mmoja wa Ujerumani aliyechora na ua pembeni. Kila aliyefika mlangoni na kuuliza "mkipika tena mtaniambiaje?" alipewa kalamu aandike mwenyewe. Majina 340 na zaidi. Tangu miaka mingapi, hata wao hawakumbuki. Yule binti alikuwa akiwaandikia mmoja mmoja kutoka kwenye simu yake kila udi ukiiva.

Nililitazama lile daftari nikakumbuka ile faili yangu ya Excel ya watu 1,400. Hapa palikuwa na watu waliosimama mlangoni wakaomba kuandikiwa.

Nikamwambia mama: "Mimi nina watu wangu wanaopenda leso. Ninyi mna watu wenu wanaopenda udi. Sitaki daftari lenu, na orodha yangu sitawapa. Mimi niwaandikie wangu habari zenu, ninyi muwaandikie wenu habari zangu. Atakayependa, atakwenda mwenyewe."

Akaniuliza jambo moja tu. "Na wewe mwanangu, leso zako zikimwaga rangi, lawama za nani?"

Nikamwambia ni zangu, na kwamba nitamrudishia mteja pesa zake. Akaniambia basi niletee doti moja niifue kwanza. Nilimtumia mbili. Alizifua mara tatu, akaanika juani, ndipo bintiye akanipigia kusema mama amekubali.

Barua niliyowaandikia watu wangu sikuianza na bei wala punguzo. Niliandika niliyoyaona jikoni mle: sukari, mwiko, sinia, mkono usiobadilika. Nikaeleza kwamba mimi ni mteja wake kabla ya kuwa mshirika wake. Mwisho nikaweka linki moja, na linki ile haikuwapeleka dukani, iliwapeleka kwenye ukurasa wa kujiandikisha kwake, wapate habari mpiko ujao ukiwa tayari. Wakati ule nilikuwa na watu 181. Waliojiandikisha kwake ni 61.

Yeye, kwa mkono wa bintiye, aliwaandikia wake sentensi tano. Kwamba yuko mwanamke Mombasa anauza leso, kwamba yeye mwenyewe amezifua mara tatu na rangi haikutoka, kwamba majina yake ni ya Kiswahili cha kueleweka, na kwamba jina alilolipenda zaidi ni "Japo sipati tamaa sikati". Waliokuja kwangu walikuwa 88. Katika wiki moja orodha yangu ilikua kuliko ilivyokua mwaka mzima, na hakuna aliyeandika kuuliza nani amenipa anwani yake. Nusu yao waliandika kuuliza habari za mama.

Nimelifikiria sana jambo hili na ninavyoliona ni hivi. Mteja anapofuata linki kutoka barua ya mtu anayemwamini, anavuka kwa miguu yake. Ile imani anakuja nayo. Ukimhamisha kwenye faili, imani inabaki kule alikotoka, na kwako inafika anwani tupu. Ndiyo maana 88 wa mama walinunua, na wale 1,400 wa madera hakununua hata mmoja.

Na huwezi kushirikiana na yeyote. Udi na leso vinakaa kwenye kabati moja. Mwanamke anayefukiza nguo zake ndiye anayenunua leso nzuri ya kujifunga akimaliza kufukiza. Niliwahi kuombwa ushirikiano na kijana anayeuza vifuniko vya simu, mwenye orodha kubwa kuliko zetu zote tukijumlishwa. Ni kijana mzuri, vitu vyake safi. Nilimkatalia, maana nisingekuwa na barua ya kuandika. Ningesema nini kuhusu kifuniko cha simu, na watu wangu wangeamini nimekaa saa mbili nikikitazama?

Wa tatu wetu aliingia kupitia harusi. Ni mwanamke wa hapa hapa Mombasa, rika langu, anasaga viungo vya pilau na kutengeneza achari. Tulikutana kwenye kesha la ndugu yake, tukawa tunahesabu vitu vya sanduku la bibi harusi, na mmoja akasema, hivi msichana aliyezaliwa Minneapolis na mamake anataka amtengenezee sanduku kama letu, atajuaje cha kutia? Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kijitabu. Kurasa tisa: doti ngapi na za namna gani, majina ya leso yanayofaa harusini na yale ya mafumbo ambayo usithubutu kumpelekea mkwe, udi upi wa nguo na upi wa chumba, chetezo, marashi, vikuba vya asmini vinafungwaje pale ambapo asmini hamna, na mwisho pilau ya watu mia. Mama wa Lamu alisimulia, bintiye akaandika, mimi nikapanga picha.

Kijitabu ni bure, mtu anaweka barua pepe yake anatumiwa. Lakini kwenye fomu tuliweka visanduku vitatu vya kutia alama, kimoja cha leso, kimoja cha udi, kimoja cha viungo, vyote vitupu. Mwenzangu wa viungo alitaka viwe vimeshatiwa alama tangu mwanzo, asiyetaka ndiye atoe. Tulibishana siku mbili juu ya hilo. Mimi nilishikilia, na nikamsimulia habari ya dawa za unene. Vikabaki vitupu. Wako waliochukua kijitabu bila kutia alama hata moja, nao walitumiwa vile vile na hatukuwaandikia tena. Wengi walitia mbili.

Tulikitoa mapema mwaka 2024, wiki chache kabla ya Ramadhani, kwa sababu harusi zetu nyingi hupangwa kabla ya mfungo au baada ya Idi, na matayarisho ya nje ya nchi huanza mapema. Kila mmoja alikuwa na linki yake yenye alama, tujue nani ameleta nani. Na kila anayeingia, barua yake ya kwanza inaanza kwa kumkumbusha alikotoka: umefika hapa kupitia kijitabu cha sanduku. Usipomkumbusha, baada ya wiki tatu amesahau, anaona jina geni, anabandika alama ya taka.

Hilo la alama ya taka si dogo. Kuanzia Februari 2024 Gmail na Yahoo walikaza masharti kwa wanaotuma barua nyingi: uthibitishe kwamba barua imetoka kwako kweli, uweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Kwa orodha ya watu 600, wawili tu wakilalamika nimeshavuka. Watu wawili! Kijana mmoja mtaani kwetu anayejua mitambo alinipangia zile rekodi zinazoitwa SPF, DKIM na DMARC, ndizo zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwangu kweli, nikaacha kutuma kwa anwani ya bure na kuhamia yenye jina la duka. Ilimchukua alasiri moja. Kama bado hujafanya, lifanye kabla ya kumkaribisha mshirika yeyote, kwa sababu watu wageni wakiingia kwa wingi ndipo unapochunguzwa.

Mshirika mpya akija siku hizi simuulizi ana watu wangapi. Wala simuulizi wangapi wanafungua barua zake, maana tangu Septemba 2021 simu za Apple zinaweza kupakua picha za barua zenyewe hata kama mtu hajaisoma, kwa hiyo hesabu ya waliofungua imejaa hewa. Namuuliza barua yake ya mwisho wangapi walibofya, na namwomba anionyeshe barua yenyewe. Nikiisoma nami najua. Kama kila barua ni "punguzo, punguzo, mwisho leo", watu wake wamezoea kupigiwa kelele, na nikija na hadithi ya sinia hawatanisikia.

Kuna suala la mmoja kuwa mkubwa na mwingine mdogo. Mimi nilikuwa na 181, mama 340. Nilimlipa tofauti kwa jasho: niliandika juu yake mara tatu kwa mara yake moja, na katika kila mzigo wa leso uliokwenda nje mwezi ule nilitia kipande cha udi wake kimefungwa karatasi, pamoja na kadi yenye msimbo wa QR wa kujiandikisha kwake. Leso zilifika Muscat zinanukia Lamu. Mteja mmoja aliniandikia kwamba aliufungua mzigo ofisini na wenzake wote wakaja kuuliza.

Halikwenda lote sawa. Katika wimbi la kijitabu mzigo wa viungo wa mama mmoja wa Toronto ulichelewa wiki tano, na aliyeandikiwa lawama ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemsifia mwenzangu. Mwanzoni niliona si haki. Kisha nikakumbuka swali la mama wa Lamu, lawama za nani. Nilimjibu yule mteja siku ile ile, nikamtumia doti moja ya kumtuliza, kisha nikaenda kwa mwenzangu tukakaa chini. Sasa tuna karatasi nusu ukurasa, tumeisaini wote watatu: nani anaandika lini, nini kinaahidiwa, mzigo ukipotea nani analipa na kwa siku ngapi. Ni nusu ukurasa tu, lakini tangu tuiandike hatujanuniana.

Leo orodha yangu ina watu 1,130. Kila mmoja naweza kukuonyesha aliingia lini na kupitia mlango gani.

Wiki hii mwenzangu wa viungo ametoa mchanganyiko mpya, wa biriani, na ananiomba barua itoke Jumanne. Nimemwambia anitumie pakiti kwanza. Imefika jana. Mchele nimeloweka, nyama iko kwenye maziwa lala tangu alfajiri, na dada yangu na wanawe wanakuja baada ya Adhuhuri. Barua nitaiandika usiku, sahani zikishaoshwa.